Mwalimu wa Mafurushi

Kuna mtu niliyemwekea kinyongo kwa miaka mingi, na kinyongo hicho kimenitunza kuliko dawa zote nilizoandikiwa hospitalini. Asubuhi nikiamka magoti yakiniuma, nilikuwa nikimkumbuka yeye, nikapata nguvu za kusimama. Hapa Garissa tulimwita Mwalimu, na sitamtaja kwa jina jingine. Alitoka Kenya, kama tusemavyo sisi tukimaanisha upande wa pili wa daraja la Tana, akaja kufundisha kompyuta katika chuo cha ufundi. Baadaye chama chetu cha wafugaji kilimpa kazi ya kutengeneza rejesta ya mifugo inayotumika kwenye simu. Rejesta hiyo ilimmaliza dada yangu Habiba, kisha mimi nikammaliza Mwalimu.

Alikuwa mfupi, mwenye kifua kipana, na shati la mikono mirefu lililofungwa vifungo mpaka shingoni hata jua la Garissa likiwa limewafukuza mbuzi barabarani. Maziwa ya ngamia alisema yananuka moshi. Alisema hivyo kila siku, na kila siku alituma mtu amletee. Hakuwa Mwislamu, lakini mwezi wa Ramadhani hakula mbele yetu hata mara moja. Alikuwa na biskuti kwenye droo ya meza, na alipokuwa akitafuna alijifanya anatafuta kalamu. Sote tulijua. Vijana wa chuo walimwuliza kila adhuhuri kama kalamu imepatikana.

Uvumilivu hakuwa nao. Kwetu mtu akifika haanzi na shida yake. Huuliza habari za watu, za wanyama, za mvua, za malisho, ndipo aseme kilichomleta. Siku moja mzee kutoka Hulugho alikuwa bado yuko kwenye habari za mvua, Mwalimu akamkata, "Mzee, swali lako ni lipi?" Mzee hakukasirika. Alinigeukia, akasema kwa Kisomali kwamba huyu lazima alitoka tumboni kabla ya miezi yake kutimia. Nilipomtafsiria, Mwalimu alicheka kuliko sisi sote, na tangu siku hiyo akawa anajiita wa miezi saba. Ndivyo alivyokuwa. Ilikuwa vigumu kumchukia, na nataka ieleweke kwamba mimi niliiweza kazi hiyo.

Nieleze alichokuwa akifundisha, maana bila hilo hamtaelewa nilimchukia kwa lipi. Mimi ni mtu wa kidato cha nne tu. Nilikuwa katibu wa chama na mkalimani wake, na niliyajua hayo kwa kukaa nyuma ya darasa nikimsubiri.

Wanafunzi walimjia wakiwa wamezoea hifadhidata za majedwali: jedwali la watu, jedwali la wanyama, jedwali la visima, kila kitu na namba yake, na ukitaka habari unaunganisha namba na namba. Mwalimu hakuyadharau majedwali. Alisema ni mazuri kwa karani aliyekaa chini ya feni. "Lakini wewe uko Hulugho," alimwambia kijana mmoja, "mtandao unakuja na kuondoka, na mbuzi wanakukimbia. Hayo majedwali utayaunganisha saa ngapi?"

Yeye alifundisha mafurushi. Neno hilo alilichukua kwetu, baada ya kuiona familia ikihama. Familia ikihama, mikeka yake, miti ya kibanda chake na vibuyu vyake hupakiwa pamoja. Hakuna anayepakia mikeka ya ukoo mzima juu ya ngamia mmoja na vibuyu vya ukoo mzima juu ya mwingine, halafu usiku kila mama atafute vyake. Basi katika hifadhidata yake kila nyumba ilikuwa furushi: mwenye nyumba, wake, watoto, wanyama, chanjo, kisima wanakokunywa, vyote vimefungwa pamoja. Simu ikifungua furushi mara moja, yote yapo. Na mafurushi hayakulazimika kufanana. Mwenye punda aliandikiwa punda, asiye na punda hakuachiwa nafasi tupu ya kumkumbusha.

Kabla ya kufunga furushi lolote aliandika maswali ubaoni. "Usiniambie una nini," alisema. "Niambie utauliza nini." Furushi hufungwa kulingana na swali, ili kinachosomwa pamoja kikae pamoja. Ukija baadaye na swali ambalo hukulipanga, itakubidi ufungue mafurushi yote, moja moja, na huenda jibu lisiwemo kabisa. Alifundisha pia kwamba si dhambi kitu kimoja kuandikwa katika mafurushi mawili, mradi ukumbuke kukibadilisha kote. Mtu huyo huyo, mimi nikirudia neno mara mbili katika mazungumzo, aliniambia, "Mzee, nilisikia."

Tulikuwa marafiki. Habiba alipougua tumbo, Mwalimu ndiye aliyewasha gari la chama bila kumwomba mtu ruhusa, akampeleka hospitali, akakaa kwenye benchi mpaka alipotolewa. Hawakuwa na lugha ya kuzungumza, yeye Kisomali chake kiliishia kwenye salamu na dada yangu Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni. Lakini Habiba alipopona alianza kumpelekea maziwa mwenyewe, katika kibuyu, na Mwalimu aliyanywa bila kusema habari za moshi.

Sasa nifike Hulugho.

Habiba ni mjane. Marehemu mume wake alimwachia ngamia majike wachache, na yeye anaishi mjini. Ngamia aliwaweka kwa familia moja ya ukoo wa mume wake, karibu na Hulugho, watu ambao ukame uliwahi kuwaacha bila hata mbuzi. Hiyo ni desturi yetu. Mwenye irmaan, yaani ngamia mwenye maziwa, humpa asiye naye. Yule humchunga, hunywa maziwa yake, analea watoto wake kwa maziwa hayo, lakini ngamia na ndama zake hubaki mali ya aliyewatoa. Desturi hiyo ina nusu ya pili, na nusu hiyo ndiyo iliyotuponza: jambo hilo halisemwi mbele za watu. Ukisema ngamia anayekamuliwa na fulani si wake, umemvua nguo hadharani. Alama ya moto haikusaidii, kwa kuwa ni alama ya ukoo, na wote wawili ni wa ukoo mmoja. Kila mtu anajua, na hakuna anayesema.

Siku ya kuandikisha, yule bwana alisimama mbele ya boma lake, majirani wamemzunguka. Mwalimu aliuliza kupitia kwangu kama ngamia wote wale ni wa nyumba hiyo. Yule bwana alinitazama. Alijua mimi ni kaka wa Habiba. Mimi nikatazama chini, nikajibu badala yake, "Ndiyo." Mwalimu akabonyeza simu.

Njiani kurudi nilimweleza. Nilimwambia baadhi ya ngamia wale ni wageni pale, mwenyewe ni dada yangu, na kwa nini sikuweza kusema mbele ya watu. Alisikiliza huku akikwepa mashimo.

"Wanalala wapi?" akauliza.

"Pale pale."

"Nani anawapeleka chanjo?"

"Yule bwana."

"Basi wakae kwenye furushi lake. Ngamia ni wa nani, hilo ni swali ambalo hakuna ofisa atakayeliuliza. Likihitajika, tutaongeza."

Bomani nilificha ukweli kwa heshima, na garini nikanyamaza kwa uvivu. Hilo ni fungu langu na nalibeba. Lakini yeye alikuwa na elimu ya jambo lenyewe. Yeye ndiye aliyefundisha kwamba kitu kimoja kinaweza kukaa katika mafurushi mawili. Ngamia wale wangeandikwa kwa anayewachunga na wakaandikwa tena kwa Habiba, na ingemchukua asubuhi moja. Aliona ni kazi ya bure kwa swali la wazee. Hapo ndipo moto wangu ulipowaka, na kila nilipoanza kupoa nilirudi hapo hapo nikachochea.

Ukame ulikuja. Maofisa wa serikali walikwenda Hulugho kununua wanyama waliodhoofika, wachinjwe kabla hawajafa na nyama wapewe wenye njaa. Mpango haukuwa mbaya. Walitumia rejesta yetu. Walifungua furushi la yule bwana, wakawakuta ngamia. Safari hii, kwa kuwa jambo lilikuwa la kisu, aliivunja aibu, akasema wale si wake, ni wa mwanamke aliyeko Garissa. Ofisa akamwonyesha simu. Hapa ni wako, akamwambia, na mahali pa kuandika mwanamke wa Garissa hapana. Kama hukubali, tunakwenda boma jingine. Watoto wake walikuwa wamesimama nyuma yake, macho yamewatoka kwa njaa. Akaweka kidole gumba, fedha akapokea yeye, ngamia wakachinjwa.

Habiba alipata habari kwa mwanamke aliyekuja kutoka huko, ambaye alianza kumpa pole akidhani anajua tayari. Nilipofika nyumbani kwake alikuwa amekaa kimya. Aliinuka, akakitoa ukutani kibuyu cha maziwa, akaingia nacho ndani. Hakuniambia neno. Mimi nikauchukua ukimya ule kama amri.

Chama kiliitisha mkutano. Kwetu mkosaji haendi mbele ya wazee peke yake. Huenda na watu wake, wakubwa wa ukoo wake, wao ndio husema na yeye hunyamaza. Wanakiri, wanaomba, wanatoa fidia, na jambo linaisha. Mtu asiye na watu hana wa kumwombea. Mwalimu hakuwa na watu Garissa. Alasiri ya siku iliyotangulia mkutano alikuja kwangu, akavua viatu, akakaa kwenye mkeka.

"Mzee, nimekosa," akasema. "Sitaki kujitetea. Lakini nimeambiwa siwezi kuingia peke yangu. Naomba usimame upande wangu."

Nilimmiminia chai. Aliniuliza kama anaweza kwenda kwanza kwa Habiba amwombe radhi yeye mwenyewe, nami nikamtafsirie. Nikamwambia Habiba hataki kuuona uso wake. Sikuwa nimemuuliza Habiba. Kuhusu kusimama naye nilimwambia, "Nenda ukapumzike, Mwalimu, tutaonana kesho." Aliondoka akiamini nimekubali. Nilitaka aamini hivyo.

Kesho yake aliingia ukumbini akanitafuta kwa macho. Mimi nilikuwa nimekaa upande wa wanaodai. Mwenyekiti, mzee ambaye Kiswahili chake ni kama changu cha utotoni, akamuuliza, "Mwalimu, watu yako wako wapi?" Mwalimu akanitazama. Mwenyekiti akauliza tena. Mwalimu akaanza kujisemea, mzee mmoja akamkatiza kwamba hapa anayejisemea ni mwendawazimu au mtoto aliyeokotwa. Watu wakacheka. Miaka yote hiyo, kicheko kile nimekilamba kama asali.

Kisha nikasimama mimi. Nikasema Mwalimu alitufundisha kutaja swali kwanza, nami nina moja tu. "Fungua simu yako," nikamwambia. "Utuambie Habiba ana ngamia gani."

Alifungua. Habiba hakuwa na furushi. Nyumbani kwake mjini hapakuwa na mnyama, kwa hiyo hakuna aliyewahi kwenda kumwandika. Mwalimu alipitisha kidole juu ya kioo, akapitisha tena, ingawa nadhani alijua tangu nilipofungua mdomo.

"Hayumo," akasema.

"Hayumo," nikarudia kwa Kisomali, kwa sauti, ili hata walioketi mlangoni wasikie.

Sikusema kwamba mimi ndiye niliyejibu ndiyo kule bomani. Sikusema habari za garini. Yeye pia hakusema, na angeweza. Alinitazama tu, akaifunga simu. Mpaka leo sijui kama ilikuwa heshima au dharau.

Walimwondoa kazini siku hiyo hiyo. Nami sikuishia hapo. Kila chama kilichoniuliza habari zake, kutoka Buna mpaka Kutulo, nilikijibu kwamba ni fundi mzuri sana, ila wamuulize kuhusu Hulugho. Hayo yalitosha. Hakuna aliyempa kazi upande huu. Akavuka daraja akarudi kwao, na mimi nikabaki na ushindi wangu, nikiuota kama mtu aotavyo moto peke yake.

Baada ya Ramadhani iliyopita alirudi.

Nilikuwa kwenye kibanda cha chai karibu na soko la mifugo. Niliona mtu mwenye nywele nyeupe amesimama mbele yangu, shati limefungwa mpaka shingoni. Hakukaa mpaka nilipomwonyesha kiti. Alisema watu wa Kutulo wanataka rejesta, wamemtafuta kwa kuwa hawakumpata mwingine, naye amekubali kwa sharti kwamba aanze upya na ngamia. Safari hii kila ngamia atakuwa na furushi lake: mwenyewe, anayemchunga, anayemkamua. Na hayo yatarudiwa katika furushi la kila nyumba inayohusika.

"Kulifunga najua," akasema. "Nisichojua ni namna ya kuuliza. Nikimuuliza mtu mbele ya jirani zake kama ngamia ni wake, nitapata lile jibu la Hulugho. Nimekuja unifundishe."

Nilimtazama vizuri. Nilikuwa naye mkononi tena. Ningemwambia aulize waziwazi, kwamba watu wa Kutulo si kama wa Hulugho, hawaoni aibu. Angekwenda akauliza hadharani, na kabla ya adhuhuri wangekuwa wamemtoa mjini kwa mawe. Maneno yalikuwa tayari kwenye ulimi, na nakiri yalikuwa matamu. Si wema ulionizuia. Nilitaka zaidi. Nilitaka akamwone Habiba, ambaye siku hizi anauza sokoni maziwa ya ngamia wa watu wengine. Nilitaka Habiba amtemee mate mbele yangu.

"Twende ukamuulize mwenye ngamia," nikamwambia.

Tulimkuta uani akifukiza madumu ya maziwa kwa moshi wa kijiti. Alimtambua mara moja. Aliweka dumu chini.

"Mwalimu," akasema kwa Kiswahili chake. "Kaa."

Nikaanza kumweleza dada yangu kwa Kisomali kilichomleta mtu huyu, nikaongezea na makosa yake yote asije akayasahau. Aliinua mkono nikanyamaza. Miaka ya sokoni imemnyoosha Kiswahili, na alimgeukia mgeni akamuuliza mwenyewe.

"Wakati ule, mbona hukuja kwangu? Mimi nilikungoja."

Mwalimu hakunitazama. Nadhani angeweza kunificha hata safari hii, lakini alikuwa ameulizwa na mwenye haki ya kuuliza.

"Niliambiwa hutaki kuniona, mama."

"Nani alisema?"

Hakukuwa na haja ya kutaja jina. Habiba alinigeukia polepole.

"Nilisema hivyo, walaal, ndugu yangu?"

Niliinama nikaliokota dumu alilokuwa ameliweka chini.

"Ulipokuja nimekaa kimya, ulidhani nasema nini?" akaniuliza. "Nilikuwa nasubiri mtu aniulize nataka nini. Ngamia walikuwa wangu. Na kisasi kilikuwa changu. Yeye alitoa kimoja bila kuniuliza, wewe ukatoa cha pili."

Nikamwambia nilifanya yale kwa ajili yake.

"Katika mkutano wako mimi nilikuwa wapi?" akasema. "Nilikaa wapi? Nani aliniita?"

Hakuna aliyemwita. Niliposimama kumtaka Mwalimu amtafute Habiba kwenye simu yake, Habiba alikuwa nyumbani kwake, mwendo mfupi kutoka ukumbini, na mimi niliyemdaia kwa sauti kubwa sikuwa nimemwambia kwamba mkutano upo.

Alimkunjulia Mwalimu mkeka. Akamwambia wazi kwamba hajamsamehe, asije akanywa chai yake akadhani amesamehewa, lakini swali lake ni zuri na atalijibu, maana kuna wanawake Kutulo pia. Kisha akanielekeza mlango wa ua kwa kidevu.

"Wewe toka nje. Nina mazungumzo na mgeni wangu. Nikikuhitaji nitakuita."

Nilitoka. Nilisimama juani upande wa pili wa mabati, nikamsikia dada yangu akianza kueleza: muulize mama, si baba, na muulize wakati wa kukamua, mkiwa wawili tu, na usimuulize ngamia ni wa nani, muulize ndama wakizaliwa anapelekewa nani habari. Mwalimu alimwomba arudie, akarudia. Walizungumza kwa muda mrefu. Nilisikia hata wakicheka mara moja.

Jua lilipogeuka nilikwenda nyumbani. Mwalimu yuko Kutulo sasa, na nasikia kazi inakwenda. Habiba hupita mbele ya geti langu kila asubuhi akienda sokoni na madumu yake, nami hutoka nikamsalimia. Huitikia salamu, maana salamu ni haki ya Mungu, na hupita.

Bado hajaniita.